Mizuka ya Savannah na Sadaka ya Bibi Margaret



Likizo hii binti wa kaka yangu, msichana wa miaka 15, alikuja kukaa kwetu na begi moja la nguo na mfuko mmoja wa riwaya. Majalada yalifanana kama ndugu: nyumba kuukuu yenye ngazi, mti mkubwa uliojiinamia, na mwezi. Usiku wa tatu alikataa kulala peke yake. Wifi yangu alipopata habari alinipigia simu akaniuliza jambo moja tu: azichome, au azirudishe zilikonunuliwa? Nikamwomba wiki moja nizisome mimi kwanza.

Nimezisoma. Hadithi zenyewe hazitofautiani sana. Mwanamke kijana anarithi nyumba ya bibi yake katika mji wa kale wa pwani ya kusini ya Marekani. Ndani mna chumba kisichofunguliwa. Usiku husikika nyayo, na jirani mzee anajua jambo asilotaka kulisema. Mwishowe inabainika kwamba zamani mtu aliuawa humo, habari ikafunikwa, na mzuka hautatulia mpaka muuaji atajwe na mifupa izikwe inavyostahiki. Katika hadithi za kawaida za upelelezi maiti hawezi kutoa ushahidi; katika hizi, maiti ndiye shahidi wa kwanza. Utamu wake uko hapo, na nakiri kwamba mbili kati yake zilinichelewesha kulala.

Kwa itikadi yetu jambo liko wazi. Roho ya maiti iko barzakh, haizungukizunguki ngazini ikitafuta wakili. Nao majini ni viumbe wa ghaibu walioumbwa na Mola, si masalio ya wanadamu. Hayo nilimwambia binti usiku ule ule, naye akalala. Swali lake la asubuhi ndilo lililonishinda kulijibu haraka: "Shangazi, mbona mizuka yote iko Savannah, Charleston na New Orleans? Chicago hawafi watu?"

Jibu la kwanza ni la macho. Savannah ilianzishwa mwaka 1733, na James Oglethorpe aliipanga kwa viwanja vidogo vya miti, ambavyo 22 vingali vipo hadi leo. Juu yake mialoni imetandaza matawi, na kutoka matawini huning'inia mimea ya kijivu mfano wa ndevu za mzee. Jenerali Sherman alipoufikia mji huo kwa jeshi lake Desemba 1864 hakuuchoma, ndiyo maana majumba ya zamani yalisalia. New Orleans, iliyoanzishwa mwaka 1718, ina ardhi yenye maji karibu, hivyo maiti wengi huwekwa katika vyumba vya matofali vilivyojengwa juu ya ardhi. Makaburi ya Mtakatifu Louis, yaliyofunguliwa mwaka 1789, yana vichochoro kama mtaa wa vinyumba. Huko Charleston na visiwa vya jirani, Wagullah, wazao wa watumwa kutoka Afrika Magharibi, walizoea kupaka dari za baraza zao rangi ya samawati, kwa imani kwamba mzuka utadhani ni maji na hautavuka. Tena palikuwa na homa ya manjano. Katika mwaka mmoja tu, 1853, iliua watu karibu 8,000 New Orleans. Mji wenye miti hiyo, makaburi hayo na misiba hiyo humpa mwandishi nusu ya riwaya kabla hajashika kalamu.

Nusu ya pili ni kimya. Miji hiyo ilitajirika kwa mpunga, pamba na watu waliouzwa. Kila jumba kubwa lilikuwa na siri ambayo mtaa mzima uliijua: nani anapika, nani analala banda la nyuma, mtoto yule mweupemweupe ni wa nani. Siri isiyotamkwa mezani haifi, huhamia darini. Mwaka 1834 moto ulizuka katika nyumba ya Bibi Delphine LaLaurie, mtaa wa Royal, New Orleans. Watu walioingia kuokoa mali walikuta watumwa wamefungwa minyororo na kuteswa. Umati uliivamia nyumba, bibi akatoroka, akaishia Ufaransa. Leo wageni husimama mbele ya jumba lililoko pale wakisimuliwa mizuka yake. Jina la mtesaji wanalijua wote. Majina ya walioteswa, uliza ukione kimya.

Mwanahistoria Tiya Miles alilichunguza jambo hili katika kitabu alichotoa mwaka 2015. Akiwa Savannah, katika nyumba moja maarufu, alisimuliwa mzuka wa mtumwa aitwaye Molly, aliyedaiwa kutembewa na bwana wake kisha akakutwa amenyongwa. Miles alikwenda kumtafuta Molly katika kumbukumbu za kale, asimwone popote. Msichana huyo hana ushahidi wowote kwamba aliwahi kuishi, ila kila usiku anauziwa watalii. Tafakarini hilo kidogo. Watumwa wa kweli, waliofua na kunyonyesha katika majumba yale, hawatajwi. Anatajwa wa kubuniwa, kwa kuwa anatisha na analipa.

Tangu nisome hayo nimekuwa nikizipima riwaya za binti kwa swali moja: je, mzuka huyu amepewa jina na maisha, au ameletwa kutikisa mapazia tu?

Anne Rice, mzaliwa wa New Orleans, alitoa mwaka 1976 riwaya yake ya mumiani wanyonya damu. Aliiandika baada ya kufiwa na binti yake mdogo kwa saratani ya damu mwaka 1972, na ndani yake mna mtoto wa kike asiyekua wala asiyekufa. Mama yeyote aliyezika mtoto atafahamu kilichomo nyuma ya kitisho kile. Hata hivyo si kitabu cha msichana wa miaka 15, nami nimekiweka kabatini kwangu. Edgar Allan Poe naye alikuwa askari katika kisiwa cha Sullivan, mkabala wa Charleston, na mwaka 1843 akaandika hadithi ya hazina ya haramia iliyofukiwa huko. Ni hadithi ya werevu mwingi. Lakini katika kisiwa kile kile Waafrika walioshushwa majahazini walikuwa wakiwekwa karantini kabla ya kupelekwa mnadani. Poe ameliona sanduku la dhahabu. Hao hakuwaona, na mzee mweusi aliyemtia katika hadithi kamfanya kichekesho.

Na katika Charleston hiyo, mwaka 1807, alishushwa mtu aliyekuwa na jina na kalamu. Omar ibn Said alitoka Futa Toro, Senegal ya leo, akiwa amesoma elimu ya dini kwa miaka mingi. Alimtoroka bwana mkatili, akakamatwa North Carolina, na ndani ya jela akaandika ukutani kwa Kiarabu. Mwaka 1831 aliandika maisha yake kwa mkono wake, akaanza kwa Suratul Mulk, sura isemayo kwamba ufalme wote u mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Fikirini: mtu anayemilikiwa na mtu anaanza habari zake kwa kutaja mwenye milki. Hati hiyo sasa imo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwaka 2022 opera iliyotungwa juu yake ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Charleston kwenyewe.

Sasa nije kwenye kitabu kilichonifanya niandike haya yote. Katika miaka ya 1930 waandishi wa Savannah, wakilipwa na serikali, walizunguka vijiji na visiwa vya pwani ya Georgia wakiwahoji wazee weusi. Walikuwa wakitafuta hirizi, uganga, mizuka, na Waafrika walioruka angani kurudi kwao. Waliyoyapata yalichapishwa mwaka 1940 kwa jina la Drums and Shadows, na watunzi wengi wamechota humo. Basi wakafika kisiwa cha Sapelo kwa bibi mmoja, Katie Brown. Yeye aliwapa habari za babu yake mkuu, Bilali Muhammad, na mkewe Phoebe: walivyoshika tasbihi, walivyochunga nyakati za kuomba, na mkeka wao mdogo wa kupigia magoti. Akawatajia mabinti wa Bilali, na miongoni mwao walikuwamo Fatima, Medina na Bintu. Bibi yake, Margaret, binti wa Bilali, alijitanda kitambaa cheupe kilichoshuka mabegani. Na siku moja maalumu kila mwaka, siku kubwa, bibi huyo aliosha mchele, akauacha uvimbe usiku kucha, akautwanga kinuni, akatia asali au sukari, akavibapa kwa viganja na kuwagawia watoto. Keki hizo ziliitwa "saraka".

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Wageni walikuja na madaftari kuuliza uchawi, nao wakaandikiwa mapishi ya sadaka bila ya kulijua neno lenyewe. Bilali aliacha pia kijitabu cha Kiarabu. Kwa muda mrefu kilidhaniwa ni shajara yake, hata wataalamu walipokisoma wakakuta ni mambo ya udhu, adhana na sala, kutoka katika Risala ya Ibn Abi Zayd wa Kairouan. Toni Morrison, katika riwaya yake Song of Solomon ya mwaka 1977, aliyaingiza majina ya ukoo huo katika wimbo wa watoto, na fumbo lote la riwaya hufunguka pale kijana mmoja anapotambua kwamba wimbo ule ni nasaba yake. Hicho nimempa binti asome akitimiza miaka 18, nami nitasoma pamoja naye.

Alinigeuzia swali, kama watoto wa siku hizi wafanyavyo. "Na huku kwetu, Shangazi, nyumba ile ya mawe isemwayo ina jini kwenye kisima, nani alikuwa akiteka maji pale?" Nilitaka kumwambia anyamaze. Lakini utumwa katika pwani hii haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Frere Town pale Kisauni ilianzishwa mwaka 1875 kuwapa makazi waliokombolewa. Nilimwambia ninalolijua kutoka kwa marehemu mama yangu: kwamba alikuwapo mtu, mwanamke, aitwaye Zafarani, na kwamba sisi watoto tulitishwa na jini ili tusiulize habari zake.

Wifi nimempa jibu lake: riwaya tatu zibaki, mbili nizihifadhi mimi, iliyobaki haina maana yoyote ila damu, na airudishe.

Alhamisi baada ya Isha tuliroweka mchele. Binti alikataa katakata nisitie tui wala hiliki, eti si mapishi ya Bibi Margaret, na mashine akaikataa pia, hivyo tukaazima kinu kwa jirani. Tuliubapa unga kwa viganja, tukavipitisha kikaangoni kwa kuyachelea matumbo ya watoto. Vilitoka vizito kuliko vitumbua vyetu, na asali ilizidi kidogo. Alizungushia sahani watoto wa mtaa baada ya sala ya Ijumaa. Mmoja alimuuliza vinaitwaje, akamjibu saraka. Mtoto akamcheka, akamsahihisha: "Ni sadaka." Binti akamwambia aketi kwanza, kwa kuwa ni hadithi ndefu.