TAHARIRI: NGITILI YETU IUZWE AU IBAKI?



Jumamosi ijayo Mkutano Mkuu wa Ushirika utatakiwa kuamua jambo ambalo limekwisha kuzungumzwa sana kisimani, kilabuni na mnadani, lakini halijapata kuandikwa hapa ukutani. Amekuja mnunuzi. Anataka ngitili ya Ushirika, yote, miti ikiwa imesimama, aikate achome mkaa, na atalipa fedha taslimu kwa mkupuo mmoja. Fedha hizo zingelipa deni la pembejeo na kuezeka ghala ambalo kuta zake zinanyeshewa kila mwaka. Sisi wa kamati ya gazeti tumelijadili jambo hili kwa kirefu na msimamo wetu ni kwamba asiuziwe. Lakini msimamo bila sababu ni kupiga domo tu, kwa hiyo tunaomba kila apitaye asimame asome mpaka chini.

Kwanza tukumbushane tulikotoka, maana vijana wengi wa leo wameikuta miti imesimama na wanadhani ilikuwapo siku zote.

Nchi hii ya Usukuma ilikuwa pori. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni iliwahimiza watu kufyeka pori ili kuwaondoa mbung'o. Mbung'o wakapungua, ng'ombe wakaongezeka. Kisha ikaja pamba, na kila aliyetaka fedha alifungua shamba jipya. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani, wakaziacha nyuma ngitili walizokuwa wakizitunza. Hapana aliyekaa chini akapanga kuumaliza msitu. Kila jambo kwa wakati wake lilikuwa na maana yake, na yote kwa pamoja yakatuletea vumbi. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga aliuona mkoa huu kuwa ndio jangwa la Tanzania.

Sasa hebu tuseme lile ambalo wengi hawapendi kulisema. Kuni zilipokwisha, chakula bado kilitakiwa kuiva. Mama zetu na bibi zetu wakapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu. Mavi yaliyoingia jikoni hayakuingia shambani, basi shamba nalo likachoka, na shamba likichoka mtu huongeza jingine, na pale anapoongeza ndipo kile kichaka kidogo kilichosalia kinapokwenda. Moshi wa mavi ni mkali. Bibi aliyepikia moshi huo miaka 20 ndani ya nyumba isiyo na dirisha, macho yake yalikuwa mekundu. Na Usukuma yote inajua macho mekundu ya bibi yalisomwaje. Walisingiziwa uchawi, na wengi wakauawa. Kuna wanaosema habari ya miti ni habari ya mabwana misitu na wafadhili. Sisi tunasema kukosekana kwa kuni kumeua watu katika nchi hii, na waliokufa ni wale waliotulea.

Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wote tunaujua kwa jina la HASHI. Mwanzoni mabwana misitu walileta miche, na miche mingi ikafa kwa jua na midomo ya mbuzi. Mafanikio yalikuja pale walipowauliza wazee. Wazee wakajibu kwamba miti haijafa, mizizi bado i hai chini ya ardhi, ninyi zuieni ng'ombe tu. Ndiyo ngitili yenyewe: unafunga eneo mvua zinapoanza, nyasi na machipukizi yanapata nafasi, halafu katikati ya kiangazi, nje kukiwa hakuna kitu, unafungulia ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa. Sheria zilipitishwa kwenye dagashida na sungusungu wakazisimamia. Mkosaji alitozwa, hata kama ni mtoto wa mkubwa.

Mwaka 1986 mkoa wa Shinyanga, kama ulivyokuwa kabla haujagawanywa, ulikuwa na ngitili za hekta 600 hivi. Mpango ulipofikia mwisho mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta na Umoja wa Mataifa. Wataalamu waliokuja kupima faida walikuta kwamba ngitili inampatia mtu mmoja kiasi cha dola 14 za Marekani kwa mwezi, ukijumlisha kuni, nguzo, asali, dawa, nyasi za kuezekea na malisho, na kwamba imewapunguzia watu mwendo wa kutafuta kuni kwa saa 2 hadi 6. Mwanamke ndiye anayezijua saa hizo.

Basi hiyo ndiyo mali anayoitaka mnunuzi. Na hesabu yake tuifanye wenyewe, tusingoje aje kutufanyia.

Katika tanuri la udongo tulilozoea, kilo 100 za miti hutoa mkaa kilo 10 hadi 20. Nyingine yote ni moshi. Maana yake gunia la mkaa la kilo 50 limekula miti kilo 250 mpaka 500. Mji unaupenda mkaa kwa kuwa ni mwepesi kupakia lori na hautoi moshi mwingi jikoni. Sawa, lakini moshi huo haukupotea, umebaki kijijini pamoja na visiki. Na soko ni kubwa kweli: mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba Tanzania inatumia kiasi cha tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam peke yake, biashara ya dola milioni 650. Katika fedha zote hizo, aliyekata mti na mwenye msitu ndio wanaopata chenji. Mnunuzi wetu naye hajatuambia atauza kwa bei gani huko aendako, na alipoulizwa alicheka.

Vijana wana hoja, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: umeme umefika, bwawa la Rufiji linatoa megawati 2,115, na mwaka 2024 serikali imezindua mkakati wa kupikia unaotaka ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe na nishati safi. Ati soko la mkaa linakufa, tuuze sasa wakati bado lina uhai.

Tunawajibu hivi. Umeme umefika kwenye taa na simu, jambo jema, lakini tembeeni jioni muone ni mafiga mangapi yamezimwa kwa ajili yake. Mtungi wa gesi mtu anaununua, kuujaza tena ndiyo kazi, maana fedha ya mkulima huja kwa msimu na njaa huja kila siku. Tuseme hata hivyo kwamba vijana wamesema kweli na mwaka 2034 mji mzima unapikia gesi na umeme. Je, ng'ombe nao watakula gesi? Nguzo za nyumba zitatoka kwenye waya? Kama mkaa utakuwa hauna bei, basi atakayekuwa na msitu uliosimama atakuwa na kitu, na aliyeuza atakuwa na bati la ghala lililoanza kushika kutu. (Na tusidanganyane, bati tutalipata hata tusipouza ngitili. Pesa za bati ziliwahi kuchangwa mara mbili. Mhasibu atueleze Jumamosi zimefikia wapi.)

Kuna sababu nyingine inayowasukuma watu kuuza, nayo haisemwi mkutanoni. Ni hofu. Mtu anaona jirani anakata usiku kwenye ukingo wa ngitili, anajisemea: nikiacha mimi, huyu atamaliza, bora niwahi. Jirani naye anamwaza yeye vilevile. Mnunuzi anajua hayo, ndiyo maana aliwapitia watu nyumba kwa nyumba kabla hajaja kwenye kamati. Dawa ya hofu hiyo ni ile ile ya wazee, doria inayoonekana na faini inayolipwa. Miaka hii ya karibuni doria yetu imelala, na hilo halikuletwa na mnunuzi.

Hatusemi mti usikatwe kamwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji haki ya kuwa na msitu wake na kutoza ushuru wa mazao yake. Wenzetu wa vijiji kadhaa vya Kilosa walianza mwaka 2012 kuchoma mkaa kwa utaratibu: msitu umegawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, kinakatwa kimoja na cha jirani kinaachwa, visiki vinaachwa vichipue, na kipande kilichokatwa hakirudiwi mpaka ipite miaka 24. Ushuru unaingia kijijini. Kwetu mvua ni haba kuliko Kilosa, kwa hiyo huenda miaka itatakiwa kuwa mingi zaidi na vipande vichache zaidi. Hilo bwana misitu wa wilaya atushauri.

Kwa hiyo kamati ya gazeti inapendekeza mkutano umkatalie mnunuzi, umwite bwana misitu apime ngitili na kuigawa, na mkaa wowote utakaochomwa uuzwe na Ushirika wenyewe kwa gunia, kwa bei iliyobandikwa hapa. Deni la pembejeo lilipwe kwa awamu baada ya mavuno. Katibu aende kuwaomba wadai mapema, asisubiri waje na polisi. Na katika kila kikosi cha doria wawemo akina mama wawili, kwa kuwa wao ndio wanaoingia humo kila siku na wanajua nani amekata nini.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi chini ya mkuyu. Kura itapigwa kwa kusimama upande, si kwa kunyoosha mkono, ili asiwepo wa kuhesabiwa mara mbili. Asiyejua kusoma, tahariri hii itasomwa Alhamisi na Ijumaa jioni hapa hapa ukutani. Na yule ndugu anayechana pembe za gazeti kusokotea tumbaku, tunamwomba asubiri hadi Jumapili.