Nani Amemwona Dubu Mbinguni?

Ewe msomaji, usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mawingu yakiachana, toka nje utazame upande wa kaskazini. Utaona nyota saba zing'aazo: nne zimekaa kama pembe za sanduku, na tatu zimefuatana nyuma yake. Vitabu husema huyo ni Dubu Mkubwa. Je, wewe umemwona dubu? Mimi sijamwona. Dubu wa porini ana kigutu tu cha mkia. Huyu wa mbinguni kapewa mkia mrefu!

Dubu ni jina la Wayunani wa kale, nao Warumi wakalifuata. Waarabu, ambao kwao tulipata neno hili "dubu", walikuwa na jina lao la zamani zaidi: Mabinti wa Jeneza. Nyota nne kwao ni jeneza, na tatu ni mabinti wanaolisindikiza. Wahindi huona wahenga saba, na Wachina huona upawa. Waingereza huona plau, Waamerika kata ya kutekea maji, na Wafini wavu wa kuvulia samaki. Kila taifa liliinua macho, likaona juu kile kilichokuwamo nyumbani mwake.

Utaniambia, "Lakini Dubu ndilo jina la wataalamu." Naam. Mwaka 1922 wanafalaki wa nchi nyingi walipatana juu ya orodha ya makundi 88 ya nyota, na Dubu Mkubwa yumo. Mapatano ni jambo jema. Jifunze jina hilo, uliandike katika mtihani. Lakini mapatano hayayageuzi majina mengine kuwa ujinga. Homer, mshairi wa Wayunani, alisema kwamba Dubu haogi kamwe baharini. Kwao ilikuwa kweli, kwa kuwa huko kaskazini ya mbali nyota hizo hazikuchwa. Hapa Mombasa zote saba huchwa na kuzuka. Akaririye maneno ya Homer pasipo kuinua macho, huyo hakusoma nyota, amesoma karatasi.

Nilipata kumfundisha kijana aliyeandika jina la Dubu pasipo kosa. Nilipomwuliza bibi yake aliziitaje nyota zile, alicheka, akajibu, "Bibi hakusoma." Jibu hilo liliniuma mno. Wazee wa pwani walilitazama kundi jingine, wakaliita Kilimia, kwa sababu liliwaonyesha majira ya kulima. Kilimia kilipozama na kilipozuka, walijua mvua na jua. Je, hao hawakusoma?

Basi usiku wa leo mwulize babu yako au bibi yako majina ya nyota katika lugha ya kwenu, uyaandike daftarini. Dubu ana vitabu vya kumtunza, wala hatapotea. Jina alijualo bibi yako halina kitabu. Usipoliuliza wewe, litazikwa pamoja naye.