Idadi Ndogo na Hukumu ya Kai-Mraba

Jaribio la kai-mraba hulinganisha idadi ya wagonjwa waliohesabiwa na idadi ambayo ingetarajiwa kama makundi hayatofautiani. Ni chombo chepesi, na ndiyo maana hutumiwa hata mahali pasipostahili.

Tuseme katika zahanati moja ya Mabawa, jijini Tanga, wagonjwa 20 wamepewa dawa moja na wengine 20 dawa nyingine. Wanne wa kundi la kwanza wakatokwa na vipele. Wa kundi la pili, hakuna. Kai-mraba itatoa uwezekano wa 0.035, na dawa ya kwanza itatiwa doa. Jaribio kamili la Ronald Fisher, linalohesabu moja kwa moja bila kukadiria, hutoa 0.106, yaani tofauti kama hiyo au kubwa zaidi yaweza kuletwa na bahati tu mara kumi na moja hivi katika mia. Takwimu ni zilezile. Huenda mgonjwa akanyimwa dawa inayomfaa kwa sababu ya chombo kilichochaguliwa.

Kasoro ni kwamba kai-mraba ni kadirio, nalo huyumba idadi inayotarajiwa inapokuwa chini ya 5. Hapa wenye vipele ni wanne, hivyo kila kundi lilitarajiwa kuwa nao wawili tu. Wapo wanaokwepa tatizo kwa kuunganisha makundi baada ya kuyaona matokeo. Huyo ni mchuuzi anayechagua mizani baada ya kumwona samaki.

Lakini wanaoijua kanuni hii nusunusu huikosea kwa upande wa pili: hutazama idadi iliyohesabiwa badala ya inayotarajiwa. Katika utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria ya RTS,S, uliofanyika katika nchi saba za Afrika, Korogwe mkoani Tanga ikiwa miongoni mwa vituo vyake, watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata homa ya uti wa mgongo walikuwa 22. Makundi mawili yaliyochanjwa yalikuwa na 11 na 10. Kundi la ulinganisho, mmoja. Yule mmoja huwashtua wengi wakasema kai-mraba haifai. Inafaa: makundi yalikaribiana kwa ukubwa, kwa hiyo kila moja lilitarajiwa kuwa na wagonjwa saba na ushei. Jibu lake ni takriban 0.016.

Je, chanjo ilihukumiwa? La, na ilikuwa sawa. Katika utafiti huo madhara ya aina nyingi yalihesabiwa, na anayelinganisha mambo mengi hakosi kukutana na tofauti ya bahati. Wala dalili ile haikupuuzwa. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ilitolewa Malawi, Ghana na Kenya kwa mamia ya maelfu ya watoto huku ugonjwa huo ukifuatiliwa. Uhusiano haukuonekana, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo itumike.