Ng'oa Kwanza: Ilani ya Likoni, Kisauni na Changamwe

Sisi wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wavuvi, mama wauza samaki, bodaboda, walimu, wanafunzi na wazee wa mitaa, tumeamua kwamba vichaka vyetu na mikoko yetu tutavirudishia uhai kwa mikono yetu. Halipwi mtu. Anayejiunga anajiunga kwa jasho lake.

Wengi hawajui kwamba mathenge, ule mti wa miiba uliowatesa wafugaji wa Baringo mpaka wakafika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno, rekodi ya kwanza ya kuingia kwake Kenya ni ya hapa kwetu. Mwaka 1973 mbegu zililetwa kutoka Brazil na Hawaii, zikapandwa kwenye machimbo ya Bamburi. Nia ilikuwa njema, maana kilichobaki pale baada ya kuchimbwa mawe ya saruji kilikuwa mwamba mtupu. Na machimbo hayohayo yanatutia moyo. René Haller alianza kupanda miti pale mwaka 1971. Mivinje iliposhika, akaleta majongoo watafune majani yake makavu, udongo ukajengeka, na leo pana msitu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba ardhi iliyokufa haifufuki. Tunachodai ni kwamba kabla ya kupanda mti, ujue mbegu zake zitaishia wapi.

Tunajua swali linalokuja: je, na mwarobaini mtaung'oa? Mwarobaini wa uani kwa nyanya hatuugusi. Umetutibu homa, na baraza nyingi za mtaani ziko chini ya kivuli chake. Lakini ulitoka Bara Hindi, na ndege na popo wanaokula matunda yake huzidondosha mbegu ndani ya misitu ya pwani, hata kwenye kaya za Wamijikenda. Miche yake huota kwa wingi, ikanyang'anya mwanga miche ya mbambakofi na mkwaju. Ukiukata, kisiki kinachipua tena. Ndiyo maana tunautaka ubaki uani, na uondoke msituni.

Lantana haina utetezi wowote. Ililetwa kwa ajili ya uzuri wa maua, sasa imeziba njia na malisho, na ng'ombe akiila hudhurika. Kuifyeka kwa panga ni kujisumbua, itarudi na matawi mengi zaidi. Subiri mvua ilainishe udongo, shika shina karibu na ardhi, chimba kwa jembe mpaka kishina chote kitoke na mizizi yake. Fanya hivyo kabla matunda hayajawa meusi, la sivyo ndege watakutangulia.

Kwenye mikoko kazi ni nyingine. Kutoka Mtongwe na Port Reitz hadi Mikindani na Junda, mikoko imebeba mizigo mingi: panga la mkata kuni, maji machafu, plastiki, mafuta yaliyomwagika bandarini mwaka 2005. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliporomosha udongo hadi Mwache, ukafukia mizizi inayopumua, miti ikafa imesimama. Kisha huja watu na miche, huipanda popote penye tope, hupigwa picha, huondoka. Kila mti una mahali pake: mlilana hukaa mbele kabisa baharini, mkoko hufuata, mkandaa huwa nyuma yake, na mchu huvumilia chumvi kali ya upande wa nchi kavu. Ukiuchomeka mkoko mahali pa mlilana, mawimbi yatauchukua. Wavuvi wetu wanajua haya, na sisi tutawasikiliza wao kabla ya mtu yeyote aliyekuja na kipaza sauti.

Mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi tangu 1932, kwa hiyo hatutagusa tope bila kibali cha Shirika la Misitu, KFS. Hatutatumia dawa ya kuua magugu karibu na maji. Hatutahesabu miche tuliyopanda. Tutahesabu iliyo hai baada ya misimu miwili ya mvua, na palipokufa tutarudi. Kuni za mathenge na mwarobaini zitakwenda kwa majirani, ili panga lisirudi kwenye mikoko.

Kaunti, tunaomba ardhi ya umma iliyo kando ya vidimbwi na mito isigawiwe kabla hatujaifikia. Wenye vitalu, otesheni mbambakofi na mvule, tutanunua. Walimu, tupeni watoto Jumamosi moja.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinamtaka kila mtu ashirikiane na serikali kutunza mazingira. Siku za kazi zitafuata maji kupwa na zitatangazwa kwa mzee wa mtaa wako. Njoo na jembe, glavu na maji ya kunywa. Usingoje fulana.