Mchoro wa Mjumbe wa Shina

Mjumbe wa nyumba kumi wa Keko au Mtoni haulizi mtu shina lake linaishia wapi. Mwisho ni pale kwenye mwembe. Ng'ambo ya mfereji ni kwa mwenzake. Mwaka 2004, mradi wa kudhibiti malaria jijini Dar es Salaam ulipoanza katika kata 15, tano kila manispaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke, ulianza na ujuzi huo. Wakazi waliochukuliwa mitaani walipita shina kwa shina, wakichora kwa mkono kila kiwanja. Michoro ikalinganishwa na picha za anga, na hapo vikaonekana vipande vya ardhi ambavyo havikuwa kwenye mchoro wa mtu yeyote. Viluwiluwi wa mbu wa huko wangekua bila kuguswa.

Mjumbe peke yake asingeviona vipande hivyo. Mwenye picha za anga naye asingejua njia ya kuvifikia. Ndiyo maana wasomi, serikali na watu wa mtaani wanahitajiana. Swali gumu ni nani aongoze.

Tumezoea kwamba aliyeleta fedha ndiye anayeshika usukani. Mradi huu uliwekwa ndani ya Halmashauri ya Jiji, huku Taasisi ya Afya Ifakara na vyuo vya nje wakiwa washirika. Naona ulikuwa uamuzi sahihi. Machi 2006 dawa ya kuua viluwiluwi ilianza kuwekwa Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na ile ni dawa ya kurudiwa kila wiki, kwa sababu dimbwi la leo halikuwepo juzi. Hakuna profesa anayeweza kusimamia kazi ya namna hiyo, mfereji kwa mfereji, masika na kiangazi. Afisa afya anaweza.

Wapo wanaotaka mtafiti aongoze ili matokeo yasipikwe. Hoja hiyo ni nzito. Watafiti walipokagua kazi yenyewe walikuta mazalia mengi yamepitwa, hasa kwenye viwanja vyenye uzio. Bila wao hilo lisingejulikana. Lakini kukagua ni kazi moja, kuongoza ni nyingine, na mkaguzi anayeongoza hujikuta anajikagua mwenyewe.

Hizo nyua zinaniuma zaidi. Kibarua mwenye chupa ya dawa na posho ndogo anasimama getini, analiona bwawa lililoachwa nyuma ya nyumba, mlinzi anamwambia mwenye nyumba hayupo. Anayejua geti lipi halifunguki ndiye asiyeitwa kikao kinapopangwa. Tunamhesabu kama mikono tu, wakati taarifa tunayoihitaji anayo yeye.

Halmashauri nayo si mwamba. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja ile ya Jiji, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kwa hiyo uongozi ningeushusha hadi manispaa, kwa afisa mwenye fungu lake la bajeti, mtafiti awe mkaguzi asiyelipwa na anayemkagua. Mwaka 2017 halmashauri ziliagizwa kununua viuadudu vya kuua viluwiluwi kutoka kiwanda cha Kibaha, na agizo hilo liliweka dawa mikononi mwao. Aliyebaki kuwekwa kwenye timu ni yule kibarua wa getini: jina lake liandikwe, posho yake ipangwe, na barua ya manispaa ya kumfungulia geti iwe mfukoni mwake kabla ya masika.