Na wa Manguredjipa watalala wapi?

Wandugu, wenzetu waliokimbia ADF kutoka Manguredjipa na vijiji vingine vya Bapere wako Butembo kwa jamaa, familia mbili tatu chumba kimoja. Ukitaka kukodi, mwenye nyumba anadai garanti ya miezi mbele ya kukupa ufunguo. Mtu aliyeacha kakao shambani ataitoa wapi? (Sisi tuliosoma bila kazi pia hatuna.)

Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha haki ya makao mazuri. Lakini programu ya serkali ya teritware 145 inahesabu shule, vituo vya afya na biro za wakubwa. Shule hatukatai. Raia aliyechomewa nyumba, je?

Tunadai: bajeti ijayo iweke nyumba za kodi ndogo Butembo na Beni, waliokimbia vita wapewe kwanza, na barabara ya Manguredjipa ilindwe, anayetaka kurudi arudi.