Siri za Watu na Kalamu ya Afisa

Afisa wa maendeleo ya jamii anayetoka Lamu kwenda Faza husafiri kwa kufuata maji. Yakipwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri, na mzee anayengoja kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, apate shilingi 2,000 zake za mwezi, huzidi kungoja. Siku afisa akifika, fomu humuuliza mzee jina, umri, nambari ya kitambulisho. Haimuulizi afisa alimsaidiaje mzee asiye na kitambulisho chochote, wala ni nani kijijini aliyemwamini kwanza. Akihamishwa, ujuzi huo huondoka naye, na mgeni huanza alifu.

Na Pate, kisiwa chenye Faza, ni kisiwa cha waandishi! Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka Pate mwaka 1728. Siyu, mji mwingine wa kisiwa hicho, ilisifika kwa wanakili wa misahafu. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Wengi leo watayabishia, lakini aliandika aliyoyaishi, kwa lugha ya aliyekusudiwa kuyasoma.

Kinachowazuia maafisa kuandika nao waliyojifunza kazini si uvivu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Sheria ya Watoto ya 2022 zinalinda faragha, na ni haki zilinde. Tena Pate si Nairobi. Mjini, kubadilisha jina huenda kukatosha. Siyu, ukitaja mjane wa mvuvi mwenye watoto watatu, msomaji atakuonyesha mlango wake.

Basi na waandike kazi, wasiandike watu. Unazungumzaje na msichana aliyeacha shule bila shangazi kukaa kando akimjibia? Kesi ya mtoto inafuatiliwaje wakati wa kusi, bahari ikichafuka? Hayo hayahitaji siri ya mtu. Pakihitajika kisa, mwenyewe asomewe kwa Kiswahili kabla hakijatoka, na akikataa, kifutwe.

Warsha ya siku mbili yenye posho haitoshi. Afisa anahitaji saa za kuandika ndani ya wiki ya kazi, na mhariri anayeijua kazi yenyewe. Zaidi ya yote anahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwa wakubwa wake, maana mtumishi wa serikali anayeandika kwamba utaratibu fulani haufanyi kazi huonekana upesi kuwa ameiaibisha ofisi. Bila ruhusa hiyo, zitaandikwa sifa tupu. Na wasomaji hawatakosekana: Dar es Salaam kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii tangu miaka ya 1970. Makala ya Kiswahili ya afisa wa Faza yangeweza kusomwa huko bila kutafsiriwa.